Wastani wa 3.1 na bado hachezi: dhana potofu kuhusu masomo na futiboli ya vyuo Marekani

Kwa familia nyingi za Waswahili zilizoko Ohio, Texas, Minnesota au Maryland, futiboli ya Marekani huingia nyumbani ikiletwa na mtoto. Anaanza darasa la tisa, kocha anaona mabega yake na mbio zake, na kufika darasa la kumi na moja barua za vyuo zinaanza kumiminika. Mzazi hajui pa kuuliza, anamuuliza jirani, na jirani naye kayasikia kwa watu. Mengi ya hayo si kweli, na baadhi yake humpotezea kijana miaka yake ya kucheza.

"Akiwa na kipaji, kocha atampitisha."

Kocha hana uwezo huo. Kijana anayetaka kucheza Divisheni ya Kwanza, daraja la juu la michezo ya vyuo, hupita milango miwili ambayo kocha hashiki funguo zake. Wa kwanza ni NCAA Eligibility Center, kituo cha NCAA, shirika linalosimamia michezo ya vyuo Marekani, kinachokagua masomo yake ya sekondari. Wa pili ni ofisi ya udahili ya chuo chenyewe, na hii inaweza kumkataa hata kama NCAA imemkubali.

Kocha naye ana sababu ya kuiogopa transkripti mbovu, yaani rekodi ya masomo na alama zake. Kila timu hupimwa kwa alama inayoitwa APR: kila muhula, mchezaji mwenye ufadhili huiletea timu pointi moja akibaki na sifa za kimasomo za kucheza, na pointi ya pili akibaki chuoni. Timu ambayo wastani wake wa miaka minne uko chini ya 930 kati ya 1,000 huzuiwa kucheza mechi za baada ya msimu. Basi kocha akiwa na vijana wawili wa kasi moja na nafasi moja, mwenye alama za mashaka ni deni analojitwisha mwenyewe. Usingoje kocha aombe transkripti. Iwe tayari tangu mwisho wa darasa la kumi.

"Ripoti inasema 3.1, NCAA inataka 2.3. Tumeshavuka."

Hili ndilo kosa linaloumiza kuliko yote, kwa sababu namba zote mbili ni za kweli. Wastani wa 3.1, kwa kipimo ambacho A ni 4, ulio kwenye ripoti umejumlisha kila kitu alichosoma. Ule wa 2.3 unahesabiwa kwa masomo 16 ya msingi peke yake: Kiingereza miaka 4, hisabati miaka 3, kuanzia Aljebra ya Kwanza kwenda juu, sayansi miaka 2, mmoja wapo ukiwa na maabara kama shule inayo, mwaka 1 wa ziada wa Kiingereza, hisabati au sayansi, sayansi ya jamii miaka 2, na miaka 4 mingine kutoka fani hizo, lugha ya kigeni, dini linganishi au falsafa. Mazoezi ya viungo, mazoezi ya vyuma, muziki, sanaa, upishi na afya havimo. Na hivyo ndivyo vinavyojaza A kwenye ripoti ya mwanamichezo.

Halafu somo lenyewe lazima liwe kwenye orodha ya masomo ambayo NCAA imeyaidhinisha kwa shule hiyo. Jina likiwa "Hisabati ya Matumizi" na halimo kwenye orodha, halihesabiki, hata mwalimu awe mkali namna gani. Aljebra ya Kwanza iliyogawanywa kwa miaka miwili huhesabiwa kuwa somo la mwaka mmoja. Alama za kujumlisha na kutoa hazitambuliwi: B ya juu na B ya chini zote ni pointi 3. D humvusha darasa, lakini huingia na pointi 1 tu na kuuvuta wastani wote chini.

Kaa na mwanao mezani mchukue transkripti, kalamu, na orodha ya shule yenu iliyo kwenye tovuti ya Eligibility Center. Kata kwa mstari kila somo lisilo kwenye orodha. Yaliyobaki, andika pembeni 4, 3, 2 au 1. Somo la muhula mmoja ni nusu, kwa hiyo gawanya pointi zake kwa mbili. Jumlisha pointi, gawanya kwa idadi ya masomo. Ni kazi ya nusu saa, na namba mtakayoipata ndiyo itakayohesabika mbele ya NCAA.

"Mwaka wa mwisho atakaza, atarekebisha."

Kwa Divisheni ya Kwanza, masomo 10 kati ya yale 16 lazima yawe yamekamilika kabla ya muhula wa saba, yaani kabla darasa la kumi na mbili halijaanza, na 7 kati ya hayo 10 yawe ya Kiingereza, hisabati au sayansi. Alama za hayo saba hufungwa. Akirudia somo baadaye, alama mpya haitabadilisha kitu kwenye hesabu ya NCAA.

Tazama hesabu inavyobana. Tuseme kijana amemaliza darasa la kumi na moja ana masomo 10 ya msingi, yote C. Ana pointi 20. Ili masomo 16 yafikie wastani wa 2.3 anahitaji pointi 36.8, kwa hiyo masomo sita yaliyobaki lazima yalete 16.8. B tano na C moja ni pointi 17, anapita kwa kukwaruza. B nne na C mbili ni 16, na wastani wake unakuwa 2.25. Hapo kanuni inamwacha apokee ufadhili na afanye mazoezi, ila mwaka wa kwanza hachezi mechi hata moja. Akishuka chini ya 2.0, ufadhili wa Divisheni ya Kwanza haupo kwa mwaka huo. Kijana ambaye miaka mitatu amezoea C anatakiwa apate B tano msimu ule ule ambao ana mechi kila Ijumaa na simu za makocha kila usiku.

Somo alilofeli lirudiwe kiangazi hicho hicho, kabla ya muhula wa saba. Kuna programu za mtandaoni za kufidia krediti (vipimo vya masomo aliyofaulu) ambazo shule huzikubali kwa ajili ya kuhitimu lakini NCAA huzikataa, hasa zile ambazo mwanafunzi anaruka mada kwa kufaulu jaribio la mwanzo, au hana mawasiliano ya mara kwa mara na mwalimu. Uliza kabla hajaanza kusoma.

"SAT imefutwa, kwa hiyo mambo yamekuwa rahisi."

NCAA iliacha kudai SAT na ACT, mitihani ya kuingilia vyuo, mwaka 2023. Vyuo ni habari nyingine: Dartmouth, Brown na Harvard walitangaza mwaka 2024 kwamba wanarudi kudai mtihani. Zamani, alama nzuri ya mtihani iliweza kumwokoa mwenye wastani mdogo. Njia hiyo haipo tena, wastani wa masomo ya msingi umebeba mzigo wote.

"Tulitoka nje ya Marekani, kwa hiyo hesabu inaanza alipoingia shule ya hapa."

Familia zilizohamishiwa Marekani kutoka Nyarugusu au Kakuma, na zilizotoka moja kwa moja Kongo, Burundi, Kenya au Tanzania, zisome hapa polepole. Saa ya NCAA huanza kutembea mwaka wa tisa wa shule, popote ulikosomewa. Kwa aliyesoma 8-4-4 ya Kenya, mwaka huo ni Kidato cha Kwanza. Mwanafunzi akishafika Kidato cha Tatu, kisha shule ya Marekani ikamrudisha darasa la tisa ili ajenge Kiingereza, shule imemsaidia kielimu, lakini kwa Divisheni ya Kwanza mihula minane inahesabiwa tangu mara ile ya kwanza. Masomo anayoyasoma baada ya muda huo kuisha yanaweza yasihesabiwe, isipokuwa somo moja linaloruhusiwa baada ya kuhitimu kwa wakati. Ndiyo maana swali la "apelekwe darasa la ngapi?" liulizwe na NCAA ikiwa akilini, siku ya kuandikishwa, na mshauri wa wanafunzi akiwepo.

Madarasa ya Kiingereza kwa wageni nayo yana mtego. Ngazi za mwanzo humpa mtoto krediti za kuhitimu sekondari, lakini hazijazi ile miaka 4 ya Kiingereza. Ngazi ya juu hukubalika pale tu inapokuwa imeidhinishwa kwenye orodha ya shule. Mtoto anaweza kuvaa joho la kuhitimu akiwa na Kiingereza cha miaka miwili tu machoni pa NCAA.

Vyeti vya kuanzia mwaka wa tisa vinatakiwa, katika lugha yake ya asili pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Hati ya Kifaransa kutoka Kongo au Burundi itafsiriwe mstari kwa mstari, na mtafsiri asigeuze alama za huko kuwa A au B. Kazi hiyo ni ya wakaguzi. Anzeni kutafuta karatasi hizo darasa la tisa, kwa sababu shule iliyokimbiwa vitani haijibu barua kwa wiki mbili. Na ada ya usajili ya Eligibility Center isiwatishe: mwanafunzi anayestahili chakula cha shule cha bure au cha bei nafuu anaweza kuombewa msamaha wa ada na mshauri wake.

"Ameshapewa ofa, ufadhili uko mfukoni."

Ofa ya mdomo haimfungi kocha wala kijana. Ile hati ya zamani ya kujifunga na chuo ilifutwa Oktoba 2024, na kinachosainiwa sasa ni mkataba wa ufadhili wenyewe. Kipindi cha kwanza cha kusaini huwa Desemba, na kingine hufunguliwa Februari. Kabla ya saini kuna maneno tu, na kocha akihama maneno yanahama naye.

Mkiupata mkataba, msome mambo matatu: ni wa mwaka mmoja au zaidi, unalipia nini kati ya karo, malazi, chakula na vitabu, na kama ni ufadhili kamili au sehemu. Zamani ufadhili wa futiboli katika kundi la juu la Divisheni ya Kwanza, FBS, ulikuwa kamili daima, nafasi 85 kwa timu. Tangu msimu wa 2025, vyuo vilivyoingia kwenye makubaliano ya kesi ya House, ambayo wanamichezo waliishtaki NCAA kuhusu malipo, vina kikomo cha wachezaji 105, na ufadhili unaweza kugawanywa. Swali la "asilimia ngapi?" halina utovu wa adabu hata kidogo.

"Chuo kisichotoa pesa za futiboli hakina faida."

Vyuo vinane vya Ivy League, kundi lenye Harvard, Brown na Dartmouth, na vyote vya Divisheni ya Tatu havitoi ufadhili wa michezo. Lakini Ivy hutoa msaada kwa kipimo cha uhitaji wa familia, na kwa nyumba yenye kipato kidogo msaada huo unaweza kulipia karibu gharama yote. Msaada huo hautegemei goti: kijana akiumia au akiacha kucheza, haondolewi kwa sababu hiyo. Kule kocha huipeleka transkripti kwenye ofisi ya udahili ikasomwe mapema, kwa kawaida kiangazi baada ya darasa la kumi na moja, pamoja na orodha ya masomo ya mwaka wa mwisho. Ukilegeza ratiba ya darasa la kumi na mbili ili kijana apumue, wanaona. Na kwa wanaotegemea NFL, ligi ya kulipwa, NCAA yenyewe hukadiria kwamba kati ya wachezaji 100 wa vyuo wenye sifa ya kuchaguliwa na timu za ligi hiyo, hawafiki 2 wanaochaguliwa.

"Akishaingia chuoni, kazi imekwisha."

Kanuni inasema mazoezi yasizidi saa 20 kwa wiki wakati wa msimu, saa 4 kwa siku, na siku moja ya mapumziko. Lakini siku ya mechi huhesabiwa kuwa saa 3, hata kama imemchukua kutwa nzima. Safari, matibabu ya misuli na kutazama video kwa hiari haviingii kabisa.

Ndani ya wiki hiyo anatakiwa asajili krediti 12, na mwenye viza ya F-1, ile ya wanafunzi, akishuka chini ya hapo bila ruhusa anahatarisha viza pamoja na jezi. Mchezaji wa futiboli asiyefaulu krediti 9 muhula wa vuli anaweza kukosa mechi nne za kwanza za msimu unaofuata. Kisha digrii yenyewe: asilimia 40 iwe imekamilika kabla ya mwaka wa tatu, 60 kabla ya wa nne, 80 kabla ya wa tano. Asilimia hizo ni za digrii aliyojiandikisha, hivyo anayehama kutoka biolojia kwenda biashara mwaka wa tatu anaweza kuamka hana sifa ingawa hajafeli somo lolote. Mkitembelea chuo, ulizeni mazoezi ni saa ngapi, na ni wachezaji wangapi wa sasa wanasomea uuguzi au uhandisi. Maabara za alasiri hugongana na mazoezi, na jibu la "hatuna hata mmoja" linatosha.

"Ikishindikana, chuo cha miaka miwili ni mkato."

Njia ipo, lakini ni ndefu. Aliyeshindwa kabisa vigezo vya Divisheni ya Kwanza lazima asome huko angalau mihula mitatu, ahitimu, na awe na krediti 48 zinazohamishika zenye wastani wa 2.5, zikiwemo 6 za Kiingereza, 3 za hisabati na 3 za sayansi. Neno la kuangalia ni "zinazohamishika". Kabla ya kila usajili, apeleke orodha ya masomo yake kwa chuo anachotaka kuhamia, apate jibu kwa maandishi, ndipo alipe karo.