Tamathali za Semi na Msamiati wa Kiingereza: Yanayosadikiwa na Yaliyo Kweli

Mwanafunzi wa Tanzania aliyemaliza shule ya msingi kwa Kiswahili hukuta, akifika kidato cha kwanza, kwamba karibu masomo yote yanafundishwa kwa Kiingereza, na haupiti muda mrefu kabla hajatakiwa kueleza namna mshairi wa Kiingereza alivyoitumia lugha. Wengi hukimbilia kukariri. Baadhi ya mambo wanayokariri si sahihi, na mengine ni sahihi nusu tu, jambo ambalo husumbua zaidi kwa sababu kosa lake halionekani upesi.

Dhana: Tamathali za semi ni mambo ya Kiingereza, hivyo hujifunzwa kuanzia sifuri

Kinachoitwa “simile” ni tashbihi, “metaphor” ni sitiari, “personification” ni tashihisi, “hyperbole” ni mubalagha na “euphemism” ni tafsida. Mtoto anayesema kwamba kaka yake ni mrefu kama mlingoti, au kwamba Juma ni simba wa timu, anazitumia tamathali hizi tangu hajaanza shule. Anachokosa ni majina yake ya Kiingereza tu.

Hata hivyo, kufanana kwa majina kusimfanye adhani kwamba lugha hizi mbili hufanya kazi kwa njia moja. Kiswahili hakitofautishi jinsia katika “yeye”, na katika ngano zetu sungura na fisi huchukua kiambishi “a-” kama mtu bila msomaji kushtuka. Kiingereza huuita mwezi “it”, kwa hiyo mwandishi anapouita “she” ameshaufanya mtu kwa kiwakilishi kimoja tu. Msomaji aliyezoea Kiswahili hulipita neno hilo dogo, kisha akaandika kwamba shairi halina tashihisi.

Dhana: “Alliteration” ni maneno yanayoanza kwa herufi moja, na “rhyme” ni maneno yenye mwisho unaofanana

Hapa ndipo Kiswahili chetu hutuponza zaidi, kwa kuwa tahajia yake hufuata matamshi kwa karibu sana hata tukazoea kuona herufi na sauti kuwa kitu kimoja. Katika Kiingereza kinachohesabiwa ni sauti. “City” na “cat” huanza kwa herufi moja lakini hazina takriri ya sauti, ilhali “phone” na “fish” zinayo, na “knee” huanza kwa sauti ya n.

Kuna na jambo la upatanisho wa kisarufi. Mtu akisema “vitabu vyangu vizuri vimepotea”, hakuna atakayemsifu kwa ufundi wa kurudia sauti ya v, kwa sababu ngeli ndiyo iliyomlazimisha. Sarufi ya Kiingereza haina sharti kama hilo. Mshairi akipanga maneno matatu yenye sauti moja mwanzoni, aghalabu amechagua kufanya hivyo, na swali la kwa nini amechagua ni swali la haki.

Vina navyo vina kanuni nyingine. Katika shairi letu la arudhi, yaani linalofuata kanuni za jadi za vina na mizani, “soma” na “hama” hutosheleza kina cha “-ma”, kwani tunatazama silabi ya mwisho. Kiingereza hutaka mfanano uanzie kwenye irabu ya silabi ya mwisho yenye mkazo na kuendelea hadi mwisho wa neno. Ndiyo maana “nation” na “station” zina kina, lakini “singing” na “walking” hazina, ingawa zote huishia kwa “-ing”. Macho nayo hudanganya: “love” na “move” hufanana kwa maandishi tu, huku “blue” na “shoe”, zenye tahajia tofauti, zikiwa na kina kamili. Shairi la Kiingereza lisomwe kwa sauti.

Dhana: Penye “like” au “as” pana tashbihi

“I like tea” haina ulinganisho wowote. “She sings like her mother” inao, lakini inalinganisha mwimbaji na mwimbaji. Tashbihi hulinganisha vitu vya aina tofauti.

Dhana: “Irony” ni bahati mbaya

Mvua kunyesha siku ya harusi ni bahati mbaya tu. Kinaya cha matukio ni mwizi kukesha akiiba kwa majirani, kisha akarudi na kukuta kwake kumeibwa. Kinaya cha maneno ni kumwambia aliyechelewa kwa saa mbili, “Umewahi kweli leo.” Cha tatu ni cha jukwaani, pale hadhira inapojua asichokijua mhusika: katika tamthilia ya Shakespeare, sisi tunajua kwamba Juliet amelala kwa dawa, lakini Romeo anaamini amekufa.

Dhana: Ukitaja tamathali umejibu swali

Kuandika kwamba “the wind is a thief” ni sitiari ni kuanza tu. Mwizi huja bila kuonekana, huchukua kisicho chake na kuwaacha wenyeji na hofu. Jibu ni kueleza ni lipi kati ya hayo linalobebwa na upepo katika shairi hilo. Kwa maoni yangu, aliyeeleza hivyo akasahau istilahi amefanya kazi kubwa kuliko aliyeikumbuka akanyamaza.

Dhana: Msamiati ni orodha ya maneno na maana zake

Tunapiga simu, pasi, picha na mswaki kwa kitenzi kimoja, lakini Kiingereza kina kitenzi tofauti kwa kila kazi. “Slim” na “skinny” zote humaanisha mwembamba, ila la kwanza husifu na la pili mara nyingi huumbua.

Wapo pia wanaoshauri kwamba maana ikisiwe kwa muktadha. Ni kweli, iwapo maneno mengine yanajulikana. Mwaka 2006 Paul Nation, mtafiti wa msamiati wa New Zealand, akichukua kwamba msomaji anahitaji kujua takribani asilimia 98 ya maneno ya matini, yaani asikwame zaidi ya mara moja katika kila maneno 50, alikadiria kuwa riwaya au gazeti huhitaji familia za maneno 8,000 hadi 9,000; familia moja ni neno pamoja na maumbo yanayotokana nalo.

Kukariri usiku mmoja hakufikishi huko. Hermann Ebbinghaus, mwanasaikolojia Mjerumani aliyejifanyia majaribio mwenyewe kwa silabi zisizo na maana na kuyachapisha mwaka 1885, alionyesha kwamba kusahau huenda kasi mwanzoni, kisha hupungua. Kwa hiyo neno lirudiwe kesho, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki, maana ikiwa imefunikwa kwa mkono na sentensi lilimotoka ikiwa wazi.