Makala nyingi si athari kubwa: jarida la sheria linavyopimwa

Dhana: jarida likitoa makala nyingi, kipimo chake cha athari (impact factor) hupanda.

Ukweli: kinaweza kushuka. Kipimo hicho cha Clarivate, kampuni inayopima majarida ya kitaaluma, hupatikana kwa kugawa. Kwa mwaka 2025, huhesabiwa mara ambazo makala za 2023 na 2024 zimetajwa ndani ya 2025, kisha hugawanywa kwa idadi ya makala za miaka hiyo miwili. Makala 20 zikitajwa mara 6, jibu ni 0.3. Zikiwa 40 na kutajwa ni kulekule, 0.15. Mhariri anayenenepesha toleo kwa makala hafifu analiumiza jarida lake.

Miaka hiyo miwili nayo inaionea sheria. Uchambuzi wa Sheria ya Ardhi ya 1999 unaweza kuanza kutajwa miaka kumi baadaye, mgogoro ukishafika Mahakama ya Rufani. Kufikia hapo hesabu imefungwa zamani.

Dhana: jarida lisilo na kipimo hicho halina uzito.

Hii ndiyo inayoumiza zaidi. Jaji akitegemea makala katika hukumu, Scopus na Web of Science, hifadhidata zinazohesabu nukuu, hazihesabu. Zenyewe husoma majarida, vitabu na mada za mikutano. Kwa Eastern Africa Law Review, linalotoka Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na majarida mengine ya hapa Dar es Salaam, ushahidi huo tuutafute wenyewe ndani ya hukumu zilizoko TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania. Andika jina kamili la jarida ndani ya alama za kunukuu, rudia kwa kifupisho chake, kisha ondoa hukumu zilizojirudia. Ni kazi ya kuchosha, lakini inafaa kuingia kwenye ripoti ya kila mwaka.

Wengine huamini kwamba makala ikishatajwa, kompyuta ya hifadhidata hizo itaiona. Lakini wanasheria hutaja kwenye tanbihi, kwa vifupisho na “ibid” (yaani “palepale”), bila orodha ya marejeo mwishoni. Hapo nukuu nyingi hupotea. Kila makala ipewe DOI (namba ya kudumu ya kuitambulisha mtandaoni), jina la mwandishi liandikwe kwa namna moja siku zote, orodha ya marejeo iwekwe, na PDF iwe ya maandishi yanayotafutika, si picha za kurasa zilizoskaniwa.

Na barua pepe zinazouza “cheti cha kipimo cha athari”? Clarivate hailipishi jarida ili kulitathmini. Hakikisha jina la jarida kwenye orodha yake ya majarida, ambayo kuitafuta ni bure, kabla fedha za kitivo hazijatoka.