Farasi amebadilika tabia: je, anaumwa?

Farasi wangu alikuwa mpole. Siku hizi nikimkaza mkanda wa tandiko ananing'ata, na nikimpanda anarusha miguu ya nyuma. Ni ukaidi?

Anza kwa kudhani anaumwa. Mnyama aliyekuwa mtulivu miaka yote, kisha akageuka ndani ya wiki chache, ana jambo lililomgeuza. Farasi ni mnyama wa kuwindwa. Porini anayeonyesha udhaifu ndiye anayeliwa, kwa hiyo huficha maumivu mpaka yamzidi. Halii kama mbwa. Kung'ata na kugoma ndiyo lugha aliyobaki nayo. Tafadhali, fimbo ikae chini mpaka daktari wa mifugo amwone.

Nitazame dalili gani?

Tazama uso wake akiwa ametulia: masikio yamekakamaa kuelekea nyuma, ngozi juu ya jicho imekaza, misuli ya taya imetuna, pua zimevutika. Akiwa amepandwa, kuna orodha ya alama 24 iliyochapishwa mwaka 2018 na Sue Dyson, daktari wa farasi, na wenzake. Ndani yake kuna kuachama kinywa, kupigapiga mkia, kujikwaa na kukataa kwenda mbele. Akionyesha 8 au zaidi, huenda ana maumivu ya misuli, viungo au mifupa, hata kama machoni pako hachechemei.

Mrekodi video. Akifika daktari, farasi anaweza kutulia kana kwamba hana neno.

Maumivu yenyewe hutoka wapi?

Mara nyingi huanzia kwenye tandiko. Livue baada ya kazi, utazame mgongo. Ukiona jasho limelowesha kote isipokuwa sehemu mbili kavu, kila moja kama kiganja, pembeni mwa mabega, hapo ama tandiko linabana kupita kiasi ama haligusi kabisa. Nywele nyeupe zilizoota mahali hapo ni ushahidi wa kubanwa kwa muda mrefu. Na tandiko lililomkaa vizuri mwaka jana laweza kumuumiza leo, kwa sababu mgongo hubadilika akinenepa au kukonda.

Kisha tumbo. Tumbo la farasi hutoa asidi mchana na usiku, ale asile, ilhali mate yanayoipunguza makali hutoka anapotafuna tu. Akikaa saa nyingi bila majani, vidonda vya tumbo havipo mbali, na kumng'ata mtu anapokazwa mkanda ni mojawapo ya malalamiko yanayotajwa sana. Kuvithibitisha ni kwa kamera ndefu inayopitishwa puani hadi tumboni.

Usisahau meno yenye ncha kali, kwato, mgongo, na kwa majike, ovari.

Daktari atampimaje?

Atampapasa mwili mzima, amtazame akitembea, akikimbia pole pole na akizunguka duara, halafu akiwa amepandwa, maana maumivu mengine hayaonekani mpaka pawe na uzito mgongoni. Akishuku mguu, atadunga sindano ya ganzi sehemu moja baada ya nyingine. Farasi aliyekuwa akigoma akianza kwenda vizuri baada ya ganzi, chanzo kimejulikana kiko upande gani. Eksirei au ultrasaundi hufuata hapo.

Nilimpa dawa ya maumivu siku chache, hakubadilika. Basi haumwi?

La. Dawa hizo hazitulizi kila aina ya maumivu, na baadhi yake zaweza kuzidisha vidonda vya tumbo. Jaribio hilo lifanyike chini ya daktari, na matokeo yake yasifunge mlango.

Ametibiwa, lakini bado anakunja masikio nikileta tandiko. Kwa nini?

Anakumbuka. Kwake tandiko lilikuwa maumivu, na mwili wake unajikinga kabla hujamgusa. Anza upya pole pole: mwonyeshe tandiko, mpe kitu anachopenda, liondoe. Siku nyingine liweke mgongoni bila kukaza, baadaye kaza tundu moja moja. Akirudi kung'ata kwa nguvu zile zile, mwite daktari tena kabla ya kuendelea.