Mwiko mweusi, githeri na sifuri moja iliyopotea

Mama anayeniuzia githeri karibu na Soko la Wakulima hapa Nakuru alinisukumia simu yake wiki iliyopita. "Daktari, WhatsApp wanasema miko ya plastiki nyeusi inaleta kansa. Nitupe yangu?" Mimi si daktari wa hospitali, ni mwanakemia wa vyakula, ila nimechoka kumsahihisha. Macho yangu yalikuwa kwenye sufuria yake. Githeri ilikuwa inatokota chini ya karatasi ya nailoni, mfuniko ukiwa juu.

Nilianza na mwiko, kwa kuwa ndio alioulizia. Habari ile ina chanzo cha kweli. Mwaka 2024 jarida la Chemosphere lilichapisha utafiti kuhusu vitu vya nyumbani vya plastiki nyeusi. Baadhi vilikutwa na dawa za kuzuia moto, zile zinazotiwa kwenye vifaa vya umeme. Redio ikichakaa, plastiki yake huyeyushwa ikazaliwa upya kuwa mwiko. Watafiti walikadiria kwamba mtumiaji anaweza kupata nanogramu 34,700 kwa siku za dawa iitwayo BDE-209. Kipimo cha Marekani kinaruhusu nanogramu 7,000 kwa siku kwa kila kilo ya mwili. Kwa mtu wa kilo 60, zidisha mwenyewe. Wao walipata 42,000, kwa hiyo mwiko ukaonekana umekaribia ukingo. Jibu ni 420,000.

Kosa lilisahihishwa Desemba mwaka huohuo, na waandishi wakashikilia kwamba hoja yao kuu haijabadilika. Nakubaliana nao nusu: plastiki ya redio haina kazi jikoni. Lakini hofu iliyosambaa ilijengwa juu ya hesabu ambayo mtoto wa darasa la sita angeikamata.

Si kila mzozo ni wa hesabu mbovu. Chukua BPA, kemikali ya plastiki ngumu kama ya madumu mengi ya maji ya ofisini, na ya utando ulio ndani ya mikebe. Mwaka 2023 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilishusha kiwango salama hadi nanogramu 0.2 kwa kilo kwa siku, mara 20,000 chini ya kile cha awali. Taasisi ya Ujerumani ikatazama ushahidi huo ikasema 200. Hakuna aliyekosea kuzidisha. Wa kwanza walishika mabadiliko ya chembe za kinga katika panya. Wajerumani wakajibu kwamba haijaonyeshwa kuwa mabadiliko hayo huishia kwenye ugonjwa. Kwa hiyo ninaposoma kwamba kitu "kimevuka kiwango", swali langu la kwanza ni: kiwango cha nani, na kilipimwa kwa madhara gani?

Sasa ile nailoni. Namwelewa mama: Nakuru tuko juu, maji huchemka karibu nyuzi 94, maharagwe hayaivi upesi, na makaa ni pesa. Nailoni ya kawaida haina BPA. Shida ni kwamba karatasi ile haikutengenezwa kwa chakula, hakuna anayejua rangi na viungo vilivyomo, na joto la saa tatu huviharakisha kutoka. Sina idadi ya wagonjwa wa kukuonyesha. Hata hivyo jani la mgomba na jiwe juu ya mfuniko hufanya kazi ileile ya kubana mvuke, kwa hiyo hapa sihitaji kungoja utafiti.

Nilikuwa bado nahubiri alipookota chupa tupu ya soda, akaiwasha na kuitupa ndani ya jiko la pili ili makaa yashike. Moshi mweusi ukatupiga usoni, mjukuu wake akiwa mgongoni. Kati ya mambo yote tuliyozungumza, moshi ndio ambao ushahidi wake haunipi shaka: chembe laini zinazoingia mapafuni na, plastiki ya PVC, ile ya mabomba, ikichomwa, sumu iitwayo dioksini, ambayo aina yake kali zaidi iliwekwa mwaka 1997 katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

"Mwiko tumia," nikamwambia. "Chupa acha."

"Na nitawasha na nini, Daktari?"

Kesho yake nilimpelekea gunia la magunzi.