Roboti ya figo: ipi ni ipi, na nani hasa anapasua?

Wagonjwa wa kliniki yetu ya njia ya mkojo hapa Dar es Salaam siku hizi hunionyesha simu: hospitali ya India imewatumia video ya roboti ikitoa uvimbe kwenye figo. "Daktari, hii na ile nyingine, ipi bora?"

Roboti haipasui. Anayepasua ni daktari aliyekaa hatua chache kutoka kitandani, akiongoza mikono ya mashine kwa vidole na miguu. Akiachia vishikio, mashine inatulia.

Inayofahamika zaidi ni da Vinci ya Marekani, iliyoidhinishwa huko mwaka 2000. Toleo la Xi lina mikono minne inayoning'inia kwenye mhimili mmoja, na daktari huinamia kiona kama anayechungulia hadubini. Hugo, ya kampuni ya Medtronic, imegawa mikono: kila mmoja una toroli lake, na daktari huvaa miwani akitazama skrini ya wazi. Versius ya Uingereza nayo ina vitoroli, vidogo zaidi. Mikono iliyotengana hupangika kufuata umbo la mgonjwa, ila timu isiyoizoea hupoteza muda ikiipanga.

Faida ya roboti huonekana pale tunapotoa uvimbe tu na kuibakiza figo. Figo zote mbili hupitiwa na takribani lita moja ya damu kila dakika, kwa hiyo mara nyingi tunaibana kwanza ateri, mshipa unaopeleka damu kwenye figo. Hapo saa inaanza kukimbia. Tunajitahidi kukata na kushona ndani ya dakika 25 hivi, maana figo iliyokosa damu inazidi kuumia. Katika upasuaji wa matundu wa kawaida, ule wa kupitisha vifaa kwenye matundu madogo tumboni bila roboti, vifaa ni virefu na vimenyooka, na kushona navyo ni kazi ngumu. Ncha za roboti hupinda kama kifundo cha mkono. Lakini mashine nyingi hazimpi daktari hisia ya mguso, hivyo mkazo wa uzi anausoma kwa macho. Akikaza mno, uzi unapasua figo kama unavyokata yai la kuchemsha. Da Vinci 5, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2024, imeanza kurudisha hisia hiyo kupitia vifaa maalumu.

Kama figo nzima inatolewa, faida ya roboti hupungua sana. Matundu ya kawaida yamefanya kazi hiyo tangu 1990, na kwa hilo mimi sishauri mtu auze kiwanja.

Kwa anayesafiri, jina la mashine liwe swali la mwisho. Uliza daktari ameshafanya mara ngapi upasuaji kama wako, ateri huibana kwa dakika ngapi, na damu ikigoma kukatika watafungua tumbo haraka kiasi gani. Beba picha zote za CT kwenye CD, si karatasi ya ripoti pekee: wapo wenye ateri mbili kwenye figo moja, na daktari wa kule atataka kuziona mwenyewe.