Mapacha wanaofanana hawana alama za vidole zilezile
Kuna ujumbe wa siku nyingi kwenye magrupu: eti mapacha wanaofanana wana alama za vidole zilezile, kwa kuwa wametoka kwenye yai moja. Si kweli. Jeni zao ni karibu zilezile, kwa hiyo michoro yao hukaribiana, na hapo ndipo wengi huchanganyikiwa. Lakini mistari yenyewe huanza kuumbika tumboni kwenye mwezi wa 3 hivi, na mkao wa mtoto na kasi ya kukua kwa kidole huipinda kila mmoja kivyake. Hata vidole vyako 10 havilingani! Paka vumbi la penseli kidoleni, bandika selotepu, kisha ihamishie kwenye karatasi nyeupe. Tazama mistari inapogawanyika au kukatika. Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze.