Mwalo "usio na kitu": mhitimu wa mipangomiji anatakiwa kujua nini?

Kila mwaka napokea wanafunzi wa fildi wa mipangomiji hapa Mwanza. Wa safari hii aliniletea ramani safi ya mwalo mmoja, yaani ufukwe wa kutulia mitumbwi ya uvuvi, upande wa Ilemela: picha za droni, mchoro wa programu ya QGIS, rangi zote mahali pake. Kipande kikubwa cha mchanga kando ya maji alikiandika "eneo wazi", akapendekeza bustani ya mapumziko.

Nikamuuliza alikwenda lini. Aliponitajia tarehe nikahesabu, nikacheka, ingawa haikuwa haki. Mwezi ulikuwa mpevu. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali taa hazivuti kitu. Mitumbwi inapumzika na mchanga unabaki mtupu siku kadhaa. Angerudi wiki mbili baadaye angekuta akina mama wameanika dagaa mpaka hakuna pa kukanyaga. Kwenye ramani yake, kazi ya watu wote hao ilikuwa imegeuka nyasi na viti vya kupumzikia.

Programu za ramani sina cha kuwafundisha, wananizidi. Sheria pia wanazitaja bila kukwama: ile ya Mipangomiji Namba 8 ya 2007, na ile ya mazingira ya 2004 inayozuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ziwani. Sawa, mita 60 kuanzia wapi? Mwaka 2020 ziwa lilipanda likapita hata kile kimo cha 1964 ambacho wazee walikuwa wakikisimulia, na nyumba zilizokuwa nchi kavu zikaingiliwa na maji. Picha ya anga ya mwaka mmoja haikuonyeshi hilo. Unaangalia alama za maji kwenye majabali, halafu unatafuta mzee aliyezaliwa hapo.

Mlimani ni shule nyingine. Panda Igogo au Mabatini ukiwa na mchoro wenye barabara iliyonyooka, utagundua imepita juu ya jiwe kubwa kama lori. Kontua, ile mistari ya mwinuko kwenye ramani, walifundishwa; kuzihisi magotini, bado. Huwa nawauliza swali ambalo wengine wanaliona la ajabu: msiba ukitokea nyumba ile ya juu, jeneza linashushwa kwa njia gani? Hiyo njia iingie kwenye ramani kwanza, kabla ya barabara yoyote ya ndoto zetu. Halafu uliza choo kikijaa inakuwaje, maana gari la majitaka halifiki. Ndiyo maana baadhi ya milima ya hapa imewekewa mabomba membamba ya majitaka yanayopita katikati ya nyumba na mawe. Mpangaji asiyejua bomba linahitaji mteremko kiasi gani atawapa wahandisi kazi ya kufuta michoro yake.

Ila kinachowaangusha wengi ni Kiswahili. Nasema kweli. Mtu amesoma miaka minne kwa Kiingereza, kisha anasimama mbele ya mkutano wa mtaa. Niliwahi kumsikia bibi mmoja akiuliza, "Mjukuu wangu, nyumba yangu inabaki au haibaki?" Kijana akamjibu kwamba inategemea mchakato wa urasimishaji shirikishi. Bibi akamgeukia mwenyekiti wa mtaa: "Amesema nini huyu?" Jibu lilikuwepo kwenye mchoro aliokuwa ameushika mkononi: nyumba inabaki, ukuta wa uani unarudi nyuma hatua mbili ili njia ipite, na hapo ndipo tumekuja kukuomba, bibi. Anayeshindwa kusema hivyo simwamini kwamba ameuelewa mchoro wake, hata kama aliuchora mwenyewe.

Yule wa mwalo alirudi kipindi cha giza, siku ambazo usiku hauna mbalamwezi, akafika saa kumi na mbili asubuhi, mitumbwi ikishusha. Akahesabu wanaoanika, akauliza nani anamlipa nani kwa nafasi, akachora upya. Kwenye ufunguo wa ramani ameongeza rangi ya kijivu na maneno "uanikaji dagaa, nyakati za giza". Kanuni zetu hazina rangi hiyo. Nimeiacha.